Mjomba, na polisi naye nani anamfunda?

Jumapili iliyopita dada yangu aliniita kwake Magomeni. Nikajua kuna pilau, kumbe kuna kesi! Mwanawe amepata nafasi ya kusoma London, na mama mtu hali wala halali. Haogopi baridi, haogopi hata mabinti wa Kizungu. Anaogopa polisi. "Kaka, hebu mfunde mpwao. Akisimamishwa na askari kule afanyeje?"

Basi nikajitia kungwi. Nikamwambia kijana: usikimbie, usibishane, mikono ionekane, jibu kwa adabu. Sheria ya kule inamtaka askari anayekupekua akutajie jina lake, kituo chake, anatafuta nini na kwa nini amekushuku wewe. Uliza, ila uliza taratibu. Na una haki ya kupata nakala ya maandishi ya upekuzi huo.

"Sawa mjomba," akasema. "Sasa polisi naye, nani anamfunda?"

Jamani! Swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maana msomaji wangu, adabu peke yake haimwokoi mtu. Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, hakuwa na ugomvi na mtu. Tarehe 22 Aprili 1993 alikuwa anasubiri basi huko Eltham, London, akiwa na rafiki yake. Genge la vijana wa Kizungu likamchoma kisu, akafa. Polisi walipofika, yule rafiki aliyeponea chupuchupu wakamtazama kwa jicho la mshukiwa badala ya kumpa pole. Mpaka wawili katika genge lile wafungwe ilikuwa Januari 2012, karibu miaka 19 baadaye!

Mwaka 1999 Jaji William Macpherson, aliyeongoza uchunguzi, alitamka wazi kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa umo ndani ya mfumo wenyewe wa polisi wa London, si kwa askari mmoja mmoja tu. Akatoa mapendekezo 70, likiwemo la kumpa karatasi kila anayesimamishwa.

Ugonjwa ukapona? Wapi! Machi 2023 ripoti ya Louise Casey iliukuta uleule. Mkuu wa polisi hao, Mark Rowley, alikiri makosa lakini akagoma kulitumia neno lile la "mfumo". Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Na hasara si ya weusi peke yao. Mtu anayepekuliwa kila mara bila kukutwa hata na sindano, siku akimwona muuaji atakwenda kumwambia nani? Brixton, Aprili 1981, polisi walisimamisha watu zaidi ya 900 kwa siku chache tu, na mtaa ukawaka moto. Jaji Scarman aliyechunguza fujo zile alishauri waajiriwe askari weusi zaidi, na polisi wakae na raia wasikilizane.

Mimi naongeza langu. Askari ajulikane mtaani kwa jina kabla hajajulikana kwa pingu. Hesabu za waliopekuliwa, na rangi zao, raia waoneshwe. Na anayeonea watu aadhibiwe hadharani, asihamishiwe kituo kingine kimyakimya.

Juzi usiku nikampigia simu kijana. "Mpwa wangu, jibu lako nimelipata. Polisi anafundwa na raia asiyenyamaza. Doreen na Neville, wazazi wa Stephen, wasingepiga kelele miaka yote ile, uchunguzi wa Macpherson usingekuwepo."

"Kwa hiyo mjomba, wakinisimamisha nipige kelele?"

"Hapana! Usiku mbele ya askari, tulia urudi nyumbani salama. Asubuhi, sema."

Mama yake alikuwa anasikiliza pembeni. Nikamsikia akivuta pumzi. "Hiyo ya kurudi salama," akasema, "mrudie tena kaka."

Nikamrudia. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.