Baba mukubwa si "oncle"

Kila mwaka vijana wetu wa Kolwezi na Lubumbashi wanapanda ndege kwenda kusoma China. Wazazi wanahangaikia viza, tikiti na makoti ya baridi. Mutoto wa jirani yangu, aliyesomea kule mambo ya migodi, anasema baridi unavaa koti, inaisha. Kilichomsumbua ni mambo madogo-madogo.

Kule ukifika kwa mtu, anakupa maji ya moto ya kunywa, hata wakati wa joto. Aliporudi akamuomba mama yake maji ya moto, mama akawaza mutoto ana malaria. Siku moja kule kantini alisimamisha vijiti vyake katikati ya bakuli la wali, na wenzake wote wakanyamaza: ni vile wanasimamisha ubani kwa ajili ya wafu.

Halafu kuna ile saa. Baba yake alimpa saa ya ukutani ya shaba, yenye sura ya Congo, apelekee profesa wake. Profesa akaifungua, uso ukabadilika, akatafuta mfukoni, akatoa yuan moja akamupa. Kijana akarudi chumbani na hasira: shaba ya baba yangu, yuan moja! (Najua, wengine mtasema bei hiyo tumeizoea.) Mwanafunzi mmoja Muzambia njo alimweleza. Kwa Kichina, kumpa mtu saa kunasikika sawasawa na kumsindikiza mtu kwenye kifo. Kwa yuan ile profesa alinunua saa. Haikuwa tena zawadi, na ubaya ukaisha. Hakumdharau hata kidogo.

Mimi ni mtu wa sendika. Masomo yangu yaliishia diploma ya serikali, na kwa mbali sana nilifika Ndola. Lakini ile hadithi ya saa sikuisahau, kwa sababu ya jambo hili.

Mwenzetu mmoja wa kazi ya usiku alifiwa na baba yake mukubwa. Akaenda matanga siku tatu. Kwenye karatasi aliandika "père", juu ni baba yake. Shefu Muchina akaangalia dosie: père alishakufa zamani. "Uko na baba ngapi?" Akakatwa siku tatu, akaandikiwa na barua ya onyo. Sisi madelege tukasahihisha, tukaweka "oncle". Ikawa mbaya zaidi: sasa alionekana muongo mara mbili.

Yule kijana, leo mtafsiri kwenye kampuni hiyo, wiki ile hakukuwapo. Aliporudi alisema neno moja tu: bobo. Kumbe Wachina nao wana jina la pekee la kaka mukubwa wa baba, na lingine la mdogo wake, kama sisi. Kifaransa ndicho kilichowachanganya wote katika "oncle". Shefu akauliza: "Mbona hamkusema hivyo?" Tungesema kwa lugha gani?

Neno langu ni hili. China, kijana wetu, kabla ya kufungua kitabu cha migodi, alikalishwa mwaka mzima kusoma lugha tu, na mtihani mwishoni. Hakuona ni matusi, yeye ni mgeni. Lakini anayekuja kwetu kuongoza ekipe nzima anashuka ndege leo, kesho yuko mgodini, jioni anarudishwa kambini nyuma ya ukuta. Miaka inapita, anajua "haraka" na "hapana". Hata Wazungu wa Union Minière wengi walijifunza Kiswahili, ingawa kilikuwa cha kuamuru.

Ninataka tuweke jambo hili mezani kwenye mazungumzo yanayokuja: masaa ya lugha na desturi, kampuni ilipe, kabla mgeni hajapewa watu wa kuongoza. Na mtafsiri akae kwenye kila kesi ya nidhamu, asiwe mdomo wa shefu tu. Wenzangu wengine wanasema tuombe mshahara kwanza, lugha haijazi sahani ya bukari. Ninawaelewa. Lakini siku tatu zilizokatwa ni mshahara. Na mashini ikirudi nyuma, mtu anakupigia kelele kwa lugha usiyoijua, utakimbilia upande gani?

Barua ya onyo ilitolewa kwenye dosie. Zile siku tatu, hapana: tuliambiwa mwezi ulikuwa umeshafungwa. Tunazingoja mpaka leo.