Tairi la Akiba: Kuingia Si Kufaa

Mtu atokaye Nyabugogo na kushika barabara iendayo Gatuna hupitia Gatsata, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali. Huko ndiko wenye magari wengi huenda kutafuta vipuri vilivyokwisha kutumika: milango, taa, injini, na matairi yaliyopangwa moja juu ya jingine. Bei ya tairi kuukuu humvutia kila mwenye mshahara wa kuhesabu. Hata hivyo, tairi la akiba lisilojulikana lilitoka katika gari gani laweza kukaa kimya ndani ya buti mwaka mzima, kisha ubaya wake ukafichuka siku lihitajiwapo: usiku, mlimani, na watoto wamo garini. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

Jambo hili lazihusu hasa familia za askari na polisi. Baba au mama aweza kuwa kazini mbali kwa majuma mengi, na gari likabaki mikononi mwa mwenzake. Pancha ikitokea, hapatakuwa na wa kuulizwa. Yafaa basi wote wawili wajue kulisoma tairi, maana kila tairi hubeba kitambulisho chake ubavuni.

TARAKIMU ZA UBAVUNI

Tuseme tairi limeandikwa 195/65 R15 91H. Tarakimu 195 ni upana wake kwa milimita. Tarakimu 65 yaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Herufi R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tarakimu 91 ni alama ya uzito: tairi hilo haliruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 615. Herufi H ni kikomo cha mwendo, kilomita 210 kwa saa. Tairi kama hilo ni la gari dogo la familia.

Sasa litazamwe tairi la Hiace ya abiria. Mara nyingi huandikwa 195 R15 C, na alama ya uzito 106/104. Upana ni ule ule, rimu ni ile ile ya inchi 15. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Muuzaji mwenye haraka atamwambia mnunuzi, “Afande, hili linaingia,” naye atakuwa amesema kweli, kwa kuwa tairi la gari dogo litakaa vizuri juu ya rimu ya Hiace. Lakini herufi C ni alama ya magari ya mizigo na abiria wengi, na 106 maana yake ni kilo 950. Tofauti ni kilo 335 kwa gurudumu moja. Tena tairi la gari dogo ni fupi kwa takriban sentimita 6, hivyo Hiace itainama upande mmoja. Tairi lililozidiwa uzito hupata joto kali, na mwisho wake ni kupasuka.

Kuingia ni jambo moja, kufaa ni jambo jingine.

RIMU NAYO HUSEMA

Tairi likiuzwa pamoja na rimu yake, mnunuzi aanze kwa kuhesabu matundu ya nati. Corolla nyingi za zamani zina matundu manne, RAV4 ina matano, na Prado ina sita. Hata idadi ikilingana, nafasi baina ya tundu na tundu yaweza kutofautiana, na tundu kubwa la katikati pia. Rimu isiyokaa sawasawa juu ya kitovu cha gurudumu hulegeza nati safarini. Vilevile nati za rimu ya aloi mara nyingine hazifai kwa rimu ya chuma. Dawa ni moja: rimu ijaribiwe kwenye gari lenyewe pale pale, kabla ya fedha kutolewa.

TAIRI JEMBAMBA

Yapo pia matairi membamba ya akiba, ambayo maandishi yake huanza kwa herufi T, kwa mfano T125/70 D16. Hayo hutengenezwa kwa safari fupi ya kufika kwa fundi tu. Mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni mwingi, bari 4.2. Akina mama na vijana waelezwe kwamba tairi hilo si la kwendea Musanze na kurudi.

UMRI

Mwishoni mwa maandishi yaanzayo kwa DOT huwa kuna tarakimu nne. Ikiwa ni 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Maandishi hayo yakikosekana upande mmoja, upande wa pili utazamwe. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na halifai hata kama kashata zake zangali nene. Mpira huzeeka hata usipotumika, na watengenezaji wengi hushauri tairi lisipite miaka 10, la akiba likiwamo. Kashata nazo zisipungue milimita 1.6.

Kipimo kinachofaa kwa kila gari huandikwa kwenye kibandiko kilichopo katika nguzo ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Ni vyema kipimo hicho kinakiliwe katika daftari la nyumba, pamoja na alama ya uzito na idadi ya nati, na mwendaji Gatsata aende na karatasi mkononi. Aombe na stakabadhi, maana kipuri kisicho na stakabadhi chaweza kuwa kimeibwa katika gari la jirani.

Kisha, siku ya mapumziko, familia itoe tairi la akiba kwenye buti, ilisome pamoja, ipime upepo, na kila mwenye leseni alifunge na kulifungua kwa mkono wake. Kazi hiyo huchukua muda usiofika saa moja, nayo ni nafuu kuliko kujifunza gizani kando ya barabara.