Pipa la Wakfu na Haki ya Jirani

 

Ndugu msomaji, makala ya juma hili inaanzia kwetu wenyewe. Msikiti wetu hapa Magindu una fremu tatu za biashara zilizowekwa wakfu: mgahawa, duka la rejareja na duka la vinywaji. Kodi yake hulipia umeme na posho ya ustadhi wa madrasa. Mbele ya fremu hizo lilikuwapo pipa moja la lita 200, lisilo na kifuniko. Wote walilitumia, na hakuna aliyeliangalia.

Asubuhi moja baada ya Alfajiri alitujia mzee, jirani yetu. Mbuzi wake mwenye mimba, aliyezoea kushinda penye pipa lile, alikuwa amekufa, na alipopasuliwa tumbo lilikutwa na donge la vifungashio vya plastiki. Mzee hakuja kwa shari. Alisema tu: "Mwanangu katibu, kila Ijumaa nawasikia kwenye kipaza sauti mkituhimiza usafi. Basi na pipa lenu lisikie."

Katika kikao, mmoja wetu alihoji kwa nini mbuzi aachwe azurure. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu wenye mashamba wayalinde mchana, na wenye mifugo waizuie usiku. Hukumu ile ni ya mazao, si ya mapipa. Hata hivyo hekima yake inatugusa, kwani mchana ni kawaida ya mifugo kutembea, na mwenye kitu ndiye akilinde kitu chake. Taka ni mali yetu mpaka zifike zinakostahili kufika. Tulisuluhishana na mzee kwa kumlipa thamani ya mbuzi wake.

Baada ya hapo nililichunguza pipa juma zima, asubuhi na jioni, nikiandika daftarini. Ilidhihiri kwamba pipa halifuriki kwa ghafla. Alhamisi jioni duka hupokea bidhaa, na maboksi matupu hujaza nusu yake. Ijumaa baada ya swala mgahawa huuza maradufu ya siku nyingine. Kijana wa toroli huja Jumamosi. Kwa hiyo pipa lilikuwa likifurika kila Ijumaa, mbele ya waumini wote, nasi tukiulaumu upepo! Aidha, sehemu kubwa ya kilichomo ilikuwa hewa tupu: maboksi yasiyokunjwa na chupa za maji zisizobanwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vingalipo.

Tuliyokubaliana na wapangaji ni haya. Toroli lije mara mbili, Alhamisi asubuhi kabla ya bidhaa kufika, na Ijumaa kabla ya Magharibi. Maboksi yakunjwe na kuwekwa ndani ya duka. Chupa zibanwe, zitiwe kiroba chake, wapewe waokotao kwa ajili ya kuuza. Makombo yawe na ndoo yenye kifuniko, maganda yaende kwenye mboji. Pipa lipate kifuniko chenye mnyororo, na ndani yake, shubiri moja chini ya ukingo, uchorwe mstari mwekundu. Taka zikifika mstarini, mwenye zamu ya juma hilo humwita kijana wa toroli, hata kama si siku yake. Na hakuna kuchoma plastiki, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwa waliomo msikitini na kwa watoto wa majirani.

Wapangaji walilalamikia gharama ya safari ya pili, na walikuwa na haki ya kulalamika. Kamati ikachukua nusu ya gharama hiyo, na masharti yakaandikwa katika mikataba.

Wapo watakaosema kuwa taka ni kazi ya serikali. Ni kweli Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Hata wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa jalala lililowaudhi, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Lakini kabla taka hazijafika mikononi mwa halmashauri, ziko mikononi mwa aliyezizalisha. Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, iliyomo katika Sahihi Muslim, kuondoa chenye kuudhi njiani kumehesabiwa kuwa tawi la imani. Basi vipi hali ya yule anayekiweka njiani?

Ewe mwenye mgahawa, mwenye bucha, mama lishe: kabla ya kununua pipa kubwa zaidi, lichunguze ulilonalo kwa siku saba. Ijue siku linapojaa, ujue na kinacholijaza.

Juma lililopita mstari wetu mwekundu ulipitwa tena. Mwenye zamu alikuwa msikiti wenyewe. Tunamuomba Allah atusamehe na atujaalie kutenda tunayoyahubiri.

Wabillaahi tawfiiq.