Kilometa chache si dhamana
Mwandishi, habari ya ushuru umeieleza vizuri, ila hapo uliposema mnunuzi wa gari lililotumika aanze kwa kutazama kilometa, sikubaliani nawe. Bushi, sili, mipira ya maji na mkanda wa taimingi huchoka kwa joto na miaka hata gari likiwa limeegeshwa, ndiyo maana watengenezaji wengi huweka kikomo cha mkanda kwa kilometa au miaka, chochote kitakachotangulia. Wenzangu mliotoa maoni hapo juu mnasema gari la Japani lililotembea kidogo injini yake bado mbichi. Inawezekana, lakini safari fupifupi za mjini haziipi oili joto la kutosha kukausha unyevu, na injini inalika polepole. Tena kilometa za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi mno! Kupata fununu ya umri, tazameni ubavu wa tairi: tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT, mfano 2317, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Gari likiwa bado na tairi zake za kwanza, yaani mwaka huo ukilingana na wa gari lenyewe, elewa kwamba hata mipira ya ndani huenda haijaguswa, na gharama ya kuibadilisha yote ikatwe kwenye bei kabla hujalipa hata senti.