Kunyamaza Si Kupona

Kwetu Bomet, mgonjwa wa akili hupona siku anapoacha kupiga kelele. Hatuna kipimo kingine. Bro yangu alipoacha kujibizana na watu ambao sisi hatukuwaona, alipoacha kutoka usiku kwenda barabarani kusimamisha malori ya majani, mama alitoa shukrani kanisani, majirani wakaja wakanywa chai, na mzee akasema sasa kijana arudi shambani. Hiyo ni miaka mitano iliyopita. Tangu hapo haitwi mgonjwa tena. Anaitwa mvivu.

Mimi nina shida na hilo neno.

Anaamka saa nne. Asipoambiwa aoge, haogi. Ukimwuliza kitu anakujibu neno moja, na sauti yake imelala kama ya mtu anayekusomea namba ya simu. Kogo alipofariki, alikaa kwenye kiti cha plastiki asubuhi hadi jioni, uso mkavu, hata shangazi mmoja akasema huyu hana roho. Mimi tunayelala naye chumba kimoja nilijua kwamba kwa wiki mbili alilala na leso ya kogo chini ya mto. Uchungu alikuwa nao. Haukufika usoni tu.

Na kwenye majani je? Mpe mstari mmoja, mwambie achune, atakuchunia majani mawili na chipukizi safi kuniliko mimi. Lakini mwambie amalize mstari, apeleke kikapu kituoni, achukue risiti, apitie dukani alete chumvi, halafu umfuate baada ya saa moja. Utampata amesimama katikati ya njia, kikapu mgongoni, majani yanaanza kunyauka. Kazi hajakataa. Amepoteza uzi wa maneno, na anaona haya kurudi kuuliza.

Ugonjwa wake ni skizofrenia. Watu wengi wanaujua kwa ule upande wa sinema: sauti, kushuku watu, kuongea peke yake. Hivyo ni vitu ugonjwa unavyomwongezea mtu. Kuna vitu unavyomwondolea pia: hamu ya kuanza jambo, maneno, raha, uso unaobadilika, kutaka kukaa na wenzake. Madaktari huziita dalili hasi. Kisha kuna upande wa tatu, wa kufikiri: kumbukumbu, umakini, kupanga hatua. Pande hizi mbili za kimya ndizo mara nyingi huamua kama mtu atashika kazi na kujitegemea. Na dawa tulizozoea, zinazotuliza sauti kwa kuzuia dopamini, huzisaidia kidogo sana.

Si habari mpya hata. Eugen Bleuler, daktari Mswisi aliyeupa ugonjwa huu jina, aliandika mwaka 1911 kwamba sauti na mawazo ya kushuku ni dalili za nyongeza tu. Kiini kiko kwenye kuachana kwa fikra na hisia. Mwaka mmoja kabla, 1910, ndipo serikali ya kikoloni ilipofungua Nairobi hifadhi ya wenda wazimu ambayo leo ni Mathari. Karne nzima imepita, na kwenye kliniki tunayoenda kila mwezi (sitaitaja) mazungumzo ni haya:

“Anasikia sauti?”

“Hapana.”

“Analala?”

“Analala.”

“Anasumbua?”

“Hasumbui.”

Sindano. Anayefuata aingie.

Simlaumu muuguzi, foleni yake nimeiona. Lakini lile swali la tatu lisikilizeni vizuri. Anasumbua nani? Tunatibu usingizi wa majirani.

Neno mvivu lenyewe lina historia, na si nzuri. J. C. Carothers, aliyeongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, alitunga nadharia kwamba Mwafrika hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, kwamba anafanana na Mzungu aliyepasuliwa akakatwa hapo. Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu mwaka 1953. Yaani taifa zima likapewa ugonjwa, na kwenye mashamba ya chai ya Kericho hiyo ikawa hadithi tamu sana kwa mwenye kiboko. Leo mtu mwenye ugonjwa wa kweli, unaogusa kweli uwezo wake wa kupanga na kuanza jambo, sisi wajukuu wa hao waliotukanwa tunamwambia ni uvivu. Tumeugeuza upuuzi wa Carothers ndani nje na kuuvaa.

Nami nimo. Nilimwita zombi mbele ya marafiki zangu, tukacheka. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu na kijiji kikasema najitafuta. Yeye hakupewa hata hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kimya chake hakikuwa kitu kimoja. Mwaka jana daktari mwingine alimwambia atembee tu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Akaona mikono haichezi, mwili umekaza kama ubao. Sehemu ya ule “uvivu” ilikuwa dawa yenyewe. Akapunguza kipimo, na baada ya wiki kadhaa bro akacheka kitu redioni, peke yake, bila kuambiwa kinachekesha. (Usimpunguzie mtu wako dawa nyumbani. Daktari yupo kwa hiyo.) Kwa mwingine kimya kitakuwa huzuni inayotibika, au sauti anazozificha, au kukaa miaka bila kupewa lolote la kufanya. Huwezi kujua bila kuuliza.

Kinachobaki baada ya hapo ni kigumu, sitadanganya. Hakuna tembe ya ajabu. Kuna mazoezi ya kumbukumbu na kupanga, mazoezi ya mwili, mafunzo ya kuishi na watu, kazi yenye mtu wa kumshika mkono, na familia kufundishwa. Mtasema kaunti haina pesa. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inaziwajibisha kaunti, kwa hiyo hiyo hoja pelekeni kwa gavana. Lakini ubao wa chaki nilioutundika jikoni haukungoja bajeti. Hatua moja, akimaliza anafuta, anasoma inayofuata. Wiki iliyopita alifika kituoni, akapima, akarudi na risiti. Chumvi alisahau. Tukala mboga bila chumvi.

Sasa mzee anagawa shamba. Anataka fungu la bro liende kwa binamu yetu, “mtu atakayelifanyia kazi”. Mpimaji anakuja Jumamosi na wazee watakuwepo. Karatasi inahitaji saini ya kila mmoja wetu, na nimemwambia mzee, kwa heshima zote, yangu haipati.