Sura ya Mtawala Katika Sarafu

Wako wasemao kwamba fedha isiyo na sura ya mtawala haina heshima. Msomaji, usikubali. Justinian wa Pili, mfalme wa Bizanti, alitia katika sarafu ya dhahabu sura ya Kristo upande mmoja na yake upande wa pili, ili raia wadhani kumwasi mfalme ni kumwasi Mungu. Je, dhahabu ilimlinda? Mwaka 695 alipinduliwa, akakatwa pua.

Kwetu Kenya, sarafu za mwaka 1966 zilikuwa na sura ya Jomo Kenyatta. Baadaye ikafuata ya Moi. Katiba ya mwaka 2010 ikakataza picha ya mtu ye yote, na sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Je, muuza mboga wa Kibera amezikataa? Hata kidogo! Tena huko Gatina, Kawangware, tangu mwaka 2014 wachuuzi walipokezana hati za Gatina-Pesa bila kuamriwa na mtawala, kwa kuwa jirani alimwamini jirani.

Fedha husimama kwa uaminifu wa watu. Mtawala atakaye heshima na aitafute katika matendo yake, si mifukoni mwetu.