Kayaki ya kujaza hewa ni sawa, lakini nunua jaketi kwanza

Ukiona video ya msee akipiga kafi Ziwa Naivasha asubuhi, maji yametulia, unaanza kuhesabu salio la M-Pesa. Nakuelewa. Sisi wa Molo tuna baridi na viazi, lakini ziwa hatuna.

Mimi naunga mkono kayaki ya kujaza hewa. Ile ya plastiki ngumu inafika mita tatu na zaidi. Ni kondakta gani atakubali kuibeba? Hii ya hewa unaikunja, unaitia kwenye begi, unapanda matatu hadi Nakuru, kisha Naivasha. Kwa kijana asiye na gari, hilo pekee linamaliza mjadala.

Ila si kila ya bei rahisi ni kayaki. Nyingine ni godoro lenye makafi. Kabla hujatoa doo, kagua haya.

Kwanza, vyumba vya hewa. Viwe angalau vitatu, kila kimoja na valvu yake. Naivasha imezungukwa na migunga, na migunga ina miiba. Chumba kimoja kikipata pancha, vingine vikufikishe ufuoni.

Pili, sakafu. Zile za kawaida hujazwa psi 1 hadi 3 hivi, kwa hivyo hupinda katikati. Zenye nyuzi nyingi ndani zinazoshikanisha juu na chini huhimili hata psi 8 au 10, zikawa ngumu kama ubao. Ni ghali na nzito zaidi. Kama pesa yako haifiki, changeni watu wanne mnunue moja nzuri, mtumie kwa zamu. Hiyo ni afadhali kuliko nne za kuchezea.

Tatu, pezi la chini upande wa nyuma. Bila hilo utazunguka tu kama pia.

Nne, uzito. Soma kiwango kilichoandikwa, kisha ujumlishe wewe, rafiki, maji na chakula. Usikifikie.

Na ukitoka majini, punguza hewa kidogo. Jua la mchana hupanua hewa iliyo ndani, na mishono hupasuka.

Sasa jaketi la kuokoa maisha. Mara nyingi halimo kwenye bei ya kayaki, na ndipo wengi wetu tunajifanya wajanja: "Mimi najua kuogelea." Umeogelea wapi? Bwawani, ukiona ukingo hapo karibu. Jina Naivasha linatokana na neno la Kimaasai kuhusu maji yanayochafuka, na halikutolewa bure. Upepo wa mchana hukusukuma mbali, na kayaki ya hewa ni nyepesi, haibishani nao. Halafu kuna viboko, ambao wameua watu ziwani humo. Enda asubuhi na mapema, kaa mbali na mafunjo, na uandamane na mwenyeji anayejua wanakolala.

Usikimbilie Ziwa Nakuru, liko ndani ya mbuga. Baringo, linakomwaga Mto Molo, lina mamba pamoja na viboko.

Kwa hivyo hesabu yangu ni rahisi: jaketi linalokutosha kwanza, kayaki baadaye. Kama pesa inatosha kimoja tu, chukua jaketi na ungoje mwezi ujao. Na kama huna jaketi siku ya safari, baki ufuoni uwapige wenzako picha.